Mtaa Hufufuliwa na Nani? Safari ya Wajenzi kutoka Pwani hadi Muyinga

Kaskazini mwa Bujumbura, huko Ntahangwa, kuna soko ambalo jina lake rasmi, Bujumbura City Market, huandikwa zaidi kuliko kutamkwa. Wenyeji husema "Kwa Siyoni", kwa jina la utani la mfanyabiashara aliyelijenga. Umuhimu wake hauelezeki bila kutaja Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, siku soko kuu la katikati ya mji lilipoteketea. Maelfu ya wachuuzi walipoteza mitaji yao kwa siku moja. Soko likageuka gofu, na gofu likakaa miaka na miaka likiwa gofu, huku biashara ikijitafutia njia: Ruvumera, Jabe, mbele ya kiwanda cha nguo cha COTEBU, na hatimaye kwenye majengo ya mtu binafsi. Pale ambapo serikali ilichelewa, tajiri mmoja alimwaga zege, na sehemu ya mji iliyokuwa pembeni ikaanza kujaa teksi na mabasi.

Hadithi kama hiyo huelezwa kwa sifa: mwendelezaji alikuja, akaona pori, akaacha mji. Ukiifuatilia historia ya miji yetu kuanzia pwani hadi ziwa Tanganyika, unakuta mambo ni kinyume. Mwendelezaji huja watu wakiwa wameshaamka, wameshauza na kununua, wameshaipa ardhi thamani kwa nyayo zao. Anachoongeza ni mtaji na ghorofa. Anachopunguza, mara nyingi, ni hao watu wenyewe.

Mfano wa kwanza uliandikwa pwani. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja aliamua kujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima, akauita Dar es Salaam. Alijenga kasri, akawavuta wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu wajenge karibu naye, akitumaini misafara ya bara itaiacha Bagamoyo na kufuata bandari yake. Alikuwa mwendelezaji kamili: ana ardhi, ana ramani, ana wapangaji wa kuahidiwa. Alikufa mwaka 1870, na mdogo wake Barghash hakuutaka mradi ule. Kuta zikaanza kubomoka. Misafara iliendelea kwenda Bagamoyo, ambako wapagazi, mahamali na wenye nyumba za kulala walikuwa tayari. Dar es Salaam ilisubiri hadi Wajerumani walipoifanya makao makuu mwaka 1891 ndipo ikapata watu wa kuijaza.

Nairobi ilimpata mwekezaji mwenye bahati zaidi. Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, alitajirika kwa kandarasi za reli ya Uganda, akawa mmiliki mkubwa wa majengo katika mji ambao mwanzoni ulikuwa kambi ya mahema na mabati. Mwaka 1902, tauni ilipoingia, wakubwa wa mji waliuchoma moto mtaa wa biashara wa Wahindi. Jeevanjee akajenga soko jipya, na mwaka 1906 akautolea umma bustani ambayo hadi leo ina jina lake. Mji ule uliomtegemea kwa majengo ulimbagua kwa rangi. Miaka 85 baadaye, mwaka 1991, ulipotokea mpango wa kuigeuza bustani hiyo maegesho ya magari na maduka, aliyesimama mbele kuitetea alikuwa mjukuu wake, Zarina Patel. Ardhi iliyotolewa na mwendelezaji ikaokolewa kutoka mikononi mwa waendelezaji.

Burundi ilichelewa kuingia katika mchezo huu, na kuchelewa huko kuna sababu. Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara wa msafara wasipande milimani. Rumaliza, aliyetawala biashara kutoka Ujiji, alijaribu kuivunja nchi kwa silaha akashindwa. Kwa hiyo Waswahili, pamoja na Wamanyema na watu wengine wa kutoka magharibi ya ziwa, walibaki ufukweni: Nyanza, Rumonge, Uzige. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura miaka ya mwisho ya karne ya 19, walikuta Kiswahili kikizungumzwa mlangoni. Askari, wapagazi, wakalimani na wachuuzi wakajenga vibanda kulizunguka boma. Mji wa kwanza wa Burundi ulizaliwa hivyo, bila mwekezaji, kwa watu waliofuata mshahara na soko.

Mwaka 1912 Wajerumani waliyahamishia makao ya utawala wa Urundi Gitega, katikati ya nchi, karibu na ufalme. Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916 wakaufanya Usumbura kuwa makao ya Ruanda-Urundi yote. Ndipo mpangaji wa mji alipoingia na rula yake. Wazungu wakawekwa upande wao, Wahindi na Waarabu wakapata mtaa ambao bado unaitwa Asiatique, na Waafrika wakapimiwa viwanja katika mitaa miwili: Buyenzi, na ule ulioitwa Belge, ambao sasa ni Bwiza. Dar es Salaam ilikuwa na mgawanyo huohuo wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Buyenzi inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndiyo inayobomoa nadharia nyingi za wataalamu wa mipango miji. Barabara zake zimenyooka na kupewa namba, hata mtu akikuelekeza anakutajia avenyu ya ngapi. Viwanja vyake ni vidogo na vimebanana. Wakoloni walikusudia iwe mahali pa kuwaweka Waislamu wanaozungumza Kiswahili, wahesabike na wasimamiwe. Wenyeji waliifanya kitu kingine. Mwenye nyumba alijenga vyumba mbele, akaacha ua, kisha akaongeza vyumba vya uani kila alipopata fedha: msimu huu tofali, msimu ujao mabati. Chumba kimoja akalala yeye, vingine akapangisha. Mgeni kutoka Kigoma, Uvira au Muyinga alipata pa kuanzia kwa kodi ya mwezi. Baadaye mafundi gari na wauza vipuri wakaijaza mitaa hiyo, na mtu wa Kiriri, kwenye majumba ya mlimani, analazimika kushuka Buyenzi gari lake likiharibika.

Chukua mjane mwenye vyumba sita uani: hajawahi kuitwa mwendelezaji. Hana kampuni, hana mchoro uliopigwa muhuri, wala benki haimjui. Lakini nyumba nyingi ambazo watu wa kipato cha chini wanaishi, kuanzia Buyenzi hadi Manzese ya Dar es Salaam, zimejengwa na watu kama yeye. Kila historia ya makazi isiyomtaja inaanzia katikati.

Siasa ilimtambua kabla ya wachumi. Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara uliowalenga wenyeji, na wachuuzi Waswahili wa Usumbura wakawa nguzo yake. Alipokiongoza chama cha UPRONA kudai uhuru, Buyenzi ilimfuata. Wabelgiji waliuona mtaa ule kama kero ya uchafu na msongamano, naye akaona kura na michango. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Julai 1962.

Wakati huohuo Wabelgiji walikuwa wameleta mwendelezaji wa aina mpya: dola yenyewe. Shirika la Office des Cités Africaines lilianzishwa mwaka 1952 kuijengea miji ya Kongo na Ruanda-Urundi nyumba za Waafrika, chini ya mpango wa maendeleo wa miaka kumi. Nyumba zake zilikuwa imara, zenye nafasi, zimepangwa kwa makini pamoja na shule na soko. Bujumbura matunda yake ni Ngagara, ambayo wazee bado huiita OCAF. Usifu ujenzi wake, unastahili. Ila aliyelengwa alikuwa karani, mtu wa mshahara ambaye makato yake ya kila mwezi yana uhakika, na aliyetazamiwa kuishi na mke mmoja na watoto wake, si na shangazi, binamu na wapangaji wanne. Mkoloni alitaka kumtengeneza mtu wa mjini kwa kumtengenezea kuta. Mara tu alipoondoka, vyumba vya uani vikaanza kuota hata Ngagara.

Serikali huru za Afrika Mashariki zilirithi imani hiyo bila kuihoji sana. Tanganyika iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, likaingia Magomeni, Ilala na Kinondoni kubomoa nyumba za udongo na kujenga za saruji palepale. Baada ya miaka kadhaa hesabu zikaonekana: fedha nyingi zimetumika kubadilisha nyumba moja kwa nyumba moja, na idadi ya waliokosa pa kuishi imeongezeka. Zanzibar, Rais Karume alipasua mtaa wa Ng'ambo kwa maghorofa marefu ya Michenzani, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1971 Tanzania Bara ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa mali ya familia za Kihindi, na wengi wao wakaondoka nchini. Mwendelezaji binafsi akafutwa kwa sheria, na rangi za kuta zikaanza kubanduka, maana dola ilijua kutaifisha kuliko kukarabati.

Uamuzi wa busara zaidi wa kipindi hicho haukuwa na sherehe ya kukata utepe. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Tanzania iliacha kubomoa. Sinza na Kijitonyama zikapimwa viwanja vyenye barabara na maji, watu wakajenga wenyewe. Manzese, ambako nyumba zilikuwepo tayari, ikaingiziwa barabara, maji na taa bila kuwafukuza wenyewe. Ni kama hatimaye mtu mkubwa alikaa chini akamsikiliza yule mjane wa vyumba sita.

Burundi ilifuata njia hiyo kwa vyombo vyake: SIP, shirika la umma la majengo, ECOSAT, la kupima na kuandaa viwanja, na FPHU, mfuko wa mikopo ya nyumba za mjini. Mtumishi wa serikali akaweza kukopa kwa dhamana ya mshahara wake, akapata kiwanja kilichopimwa, akajenga polepole. Vyombo hivi viliinua tabaka la kati la Bujumbura. Asiye na hati ya mshahara, yaani muuza samaki, fundi cherehani au mwendesha baiskeli ya mizigo, alibaki nje ya mlango, akisogea kwenye kingo za mito na mabonde yanayofurika mvua inaponyesha. Baadaye majukumu ya ujenzi wa umma yakakusanywa chini ya ofisi moja, OBUHA.

Kisha vita. Baada ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, Bujumbura iligawanyika mtaa kwa mtaa. Kamenge, mtaa mkubwa wa kaskazini, ulihamwa na nyumba zake zikavunjwa hadi mlango na dirisha. Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyojulikana kwa kuchanganya watu, ilishambuliwa mwezi Machi 1995. Waislamu wengi wa Buyenzi wanakumbukwa kwa kuwaficha waliokuwa wakiwindwa, wa kabila lolote. Amani iliporudi, mitaa iliyoharibika ilifufuliwa kwa kiasi kikubwa na wenyewe waliorudi: walitafuta mipaka ya viwanja vyao, wakapandisha ukuta, wakaezeka. Mashirika ya misaada yalichangia mabati. Mwekezaji mkubwa alikuja baadaye, alipoona watu wamekaa.

Nairobi, katika miaka hiyohiyo, ilitoa mfano ambao wataalamu wa majengo hawakuutabiri. Somalia iliposambaratika mwaka 1991, wakimbizi walijaa Eastleigh, mtaa uliokuwa umechakaa. Katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge walianza kuuza bidhaa vyumbani: kitanda kikawa meza ya duka. Vyumba vikawa maduka, nyumba ya wageni ikawa jumba la biashara, na nyuma yake yakafuata majumba mengine kama Amal Plaza, yakijengwa kwa mitaji ya jamaa waliokusanya fedha kutoka Nairobi hadi ng'ambo. Eastleigh ikawa soko la Afrika Mashariki nzima kabla halmashauri ya jiji haijaziba mashimo ya barabara.

Kariakoo ya Dar es Salaam nayo ilipanda juu baada ya miaka ya 1990, uchumi ulipofunguliwa. Mwenye nyumba ya Kiswahili aliingia ubia na mwenye fedha: mmoja anatoa kiwanja, mwingine anatoa ghorofa, kisha wanagawana. Hapa mjane wetu amefaidika, angalau yule aliyesoma mkataba vizuri. Lakini haraka ina gharama. Mwezi Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36, na Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, vifo vikizidi 20. Mtaa unaofufuliwa bila mkaguzi huweza kuzika watu.

Swali la nani anarudi baada ya ujenzi lilipata jibu lisilo la kawaida Magomeni Kota, Dar es Salaam. Wapangaji wa nyumba za zamani waliondolewa, nyumba zikavunjwa, uwanja ukakaa mtupu kwa miaka huku wao wakihangaika. Serikali hatimaye ikajenga maghorofa kwa ajili ya kaya hizohizo 644, yakazinduliwa Machi 2022. Niliposoma kwamba waliohamishwa ndio waliokabidhiwa funguo, nilishangaa kwamba nimeshangaa. Katika miradi mingi, mpangaji wa zamani huonekana mara ya mwisho siku ya kuhesabiwa.

Burundi sasa inaingia katika zamu yake. Tangu mwaka 2019, kwa sheria, Gitega ni mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura umebaki mji wa kiuchumi. Huko Gitega, bonde na mlima vilivyokuwa vya migomba na maharagwe vimekuwa viwanja. Ramani ya utawala nayo imebadilika: sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2025, imeipunguza mikoa kutoka 18 hadi mitano, na komini kutoka 119 hadi 42. Muyinga si mkoa tena, umeingia katika Buhumuza, pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Buhinyuza, iliyokuwa moja ya komini saba za Muyinga, upande wa mbuga ya Ruvubu, imepoteza hadhi hiyo. Mabadiliko ya namna hii huonekana ya karatasi tu, kumbe ndiyo yanayopanga bei ya ardhi. Kituo kinachobaki na ofisi ya komini hubaki na barua, hakimu, mhasibu na wateja wao, na mwenye duka hufuata. Kinachopoteza ofisi hubaki na soko lake la siku maalumu, na hilo litapima kama watu walikuja kwa ajili ya ofisi au kwa ajili yao wenyewe.

Muyinga mjini, kwa upande wake, una bahati ya barabara. Malori kutoka Dar es Salaam huingia kwa mpaka wa Kobero, ng'ambo ya Kabanga upande wa Ngara, na kupita hapo kuelekea Ngozi na Bujumbura. Madereva wanahitaji kulala, kula na kutengeneza gari, na Kiswahili ndiyo lugha ya malipo. Kama kuna mtaa wa Burundi ya mashariki utakaomvutia mwekezaji kesho, ni ule wa kando ya barabara hiyo, na utamvutia kwa sababu mama lishe na fundi wameshaufanyia kazi.

Mji huo tayari una somo la ujenzi ambalo wachache wa Afrika Mashariki wanalijua. Mwaka 2012 wasanifu majengo wa ofisi ya BC kutoka Ubelgiji, wakishirikiana na shirika la ODEDIM la Muyinga, walimaliza maktaba iliyokusudiwa kuwa sehemu ya shule ya watoto viziwi. Hawakuleta saruji kwa malori kutoka mbali. Walitafuta udongo wa karibu, wakaushindilia kwa mashine ya mkono kuwa tofali zisizochomwa, wakaezeka kwa nguzo za mikaratusi na vigae vya kienyeji, na ndani wakatundika wavu wa kamba za katani ambapo watoto hujilaza wakisoma. Fedha ya ujenzi ililipa mikono ya Muyinga. Wengine watasema ni mradi mdogo wa wafadhili, na ni kweli. Lakini linganisha na jumba la vioo ambalo kila bati na kila kigae kimevuka bahari: lipi linaacha ujuzi na mshahara mtaani baada ya fundi mkuu kuondoka?

Kinachokosekana Buhinyuza na vituo vinavyofanana nayo si mwekezaji tu, ni karatasi ya mwenyeji. Kanuni ya ardhi ya mwaka 2011 iliziruhusu ofisi za ardhi za komini kutoa vyeti vya umiliki kwa gharama ndogo kuliko hati ya mjini, na inaagiza fidia ya haki ilipwe kabla ya mtu kuondolewa kwa manufaa ya umma. Mwenye cheti anaweza kukaa meza moja na mwenye fedha na kudai ubia kama wa Kariakoo, au kukataa. Asiye nacho huuza kwa bei ya shamba la maharagwe, kisha hurudi mwaka unaofuata kupanga chumba kwenye kiwanja alichozaliwa. Ofisi za komini zinapounganishwa na daftari zao kuhamishwa, huo ndio wakati wa kwenda kuhakikisha jina la mtu limeandikwa vizuri, na mpaka wa shamba umepimwa hadi kwenye mti ule jirani anaokubali.